Karatasi Mbili za Shukrani

Mwaka niliorudi kuishi kwa mama, eneo la Mpemba karibu na Tunduma, watu wa mtaani waliamini kwamba nabeti. Siwalaumu. Mtu mzima mwenye ndevu, aliyewahi kuvaa shati la ofisi na kitambulisho shingoni, sasa anashinda kwenye chumba cha uani na kompyuta mapajani, pazia limefungwa kukwepa mwanga, akitoka ametoka kununua vocha, kisha huyo ndani tena. Wangefikiri nini kingine? Vijana wa bodaboda waliokuwa wakipaki mbele ya duka la jirani waliniuliza kila nilipopita kama mkeka wangu wa jana umechanika, yaani kama nimeliwa. Nilicheka nao kwa mdomo. Moyoni nilikuwa naungua.

Kabla ya hapo nilitunza kompyuta za ofisi moja pale Tunduma mjini, ofisi ya mawakala wanaoandaa karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia. Ofisi ikapunguza watu, nami nikapungua. Nikabaki na vibarua: kuondoa virusi kwenye mashine za steshenari, kumfungia mtu printa, kumrudishia bwana harusi picha alizozifuta kwa bahati mbaya. Vibarua hivyo havikuweza kujaza siku. Siku nilizijaza kwa kurasa za mwongozo.

Nieleze kidogo. Kuna kompyuta za ukoo wa Unix ambazo hubeba maelezo yake zenyewe. Ukitaka kujua programu fulani inatumikaje, unaandika neno fupi na jina la programu hiyo, na ukurasa unafunguka mbele yako: jina, matumizi, maelezo, mifano. Ni ukurasa nadhifu, vichwa vyake vimekolezwa wino, aya zake zimeachana vizuri. Lakini nyuma yake kuna faili ambalo msomaji halioni. Humo maneno yamechanganyika na amri. Mstari unaoanza na nukta hauandikwi ili mtu ausome. Unaiambia mashine hapa weka kichwa, hapa koleza, hapa anza aya mpya. Mafaili hayo yameandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, kila mmoja na mkono wake. Mmoja ameacha nafasi tupu mwishoni mwa kila mstari. Mwingine ameruka mistari ovyo badala ya kuweka amri ya aya. Mwingine amebandika sentensi juu ya sentensi kwenye mstari mmoja hadi unatoka nje ya kioo. Mashine inavumilia yote hayo. Mimi sikuweza.

Nina ugonjwa huo tangu utotoni. Fulana ikianikwa ndani nje, nitaigeuza hata kama si yangu. Bango la duka likichanganya herufi kubwa na ndogo bila mpango, nitalisema hadi jioni, na walio karibu nami watanichoka. Kwa hiyo nilipogundua kwamba watu wanaotengeneza programu moja ya bure ya kuhifadhi nakala za mafaili wanapokea msaada wa yeyote anayetaka kusafisha kurasa zao, nilijitosa mzimamzima. Nilifuta nafasi tupu. Niliipa kila sentensi mstari wake. Niling'oa amri za kizamani nikaweka zinazokubalika siku hizi. Nikimaliza ukurasa nilimtumia msimamizi wao, mtu wa nchi ya mbali ambaye sijawahi kumwona, naye aliujaribu kabla ya kuupokea.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Unatengeneza ukurasa kutoka kwenye faili la zamani, unatengeneza mwingine kutoka kwenye faili jipya, kisha unaiambia mashine izilinganishe hizo kurasa mbili. Ikitaja tofauti, umeharibu, umegusa maneno ya watu. Ikikaa kimya, umesafisha. Kwa kazi nzuri msimamizi alikuwa na jibu fupi lisilobadilika: hakuna tofauti, asante. Nilikuwa nikilisoma na kutabasamu peke yangu chumbani. Malipo hayakuwepo na sikuwahi kuyatarajia, ila hilo sikumwambia mama.

Mama yangu anauza maharage. Anayafuata mwenyewe Itumba, kwa wakulima wa milimani, na kuwauzia Wazambia wanaovuka kuja sokoni. Lakini mtaani hawamjui kwa maharage, wanamjua kwa matangazo. Yeye ni mzee wa kanisa, na katika usharika wetu, kila Jumapili baada ya mahubiri, ndiye aliyekuwa akisimama mbele na karatasi: nani amefiwa, nani anafunga ndoa, jumuiya ipi itafagia kanisa, nani amelazwa na anaomba kuonwa. Walikuwepo watu waliochelewa ibada bila wasiwasi lakini hawakuchelewa matangazo ya mama. Akifika kwenye jina la marehemu alishusha sauti, akasubiri, ndipo akataja ukoo. Akifika kwenye harusi aliacha upenyo mdogo ili vigelegele viingie, na vikaingia kweli.

Usomaji huo aliuandaa. Jumamosi mchana alikaa kibarazani na karatasi yake na kalamu nyekundu. Pale pa kuvuta pumzi aliweka duara dogo. Chini ya jina la kutaja polepole alipiga mistari miwili. Pale pa kuinua sauti alichora mkia kama wa mjusi. Waliokaa kwenye mabenchi hawakuziona alama hizo, walisikia tu kwamba mama kasoma vizuri. Mimi nilizijua tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kuzitilia maanani.

Maneno ya kubeti yalipofika kanisani, mama hakuniuliza moja kwa moja. Siku moja alikuja akasimama mlangoni kwangu, mikono ina vumbi la maharage.

"Baba," alisema. Huniita baba anapotaka jambo. "Nikiulizwa unafanya nini humu ndani, mimi niseme nini?"

"Natengeneza vitabu vya kompyuta, mama."

"Unaviandika?"

"Natengeneza."

Alilirudia neno hilo taratibu, kama anayeonja mboga ajue chumvi imekolea. Nilijua limezidi ukubwa wa kazi yangu. Nikamwacha aondoke nalo.

Baadaye programu ile ikatolewa upya. Mwishoni mwa maelezo yake waliwashukuru wote waliosaidia, na jina langu lilikuwemo. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwita mama, nikazikuza herufi hadi zikajaa kioo. Alilitazama jina, akaligusa kwa kidole, kisha akayagusa ya wengine.

"Na hawa ni wa wapi?"

"Wa dunia nzima, mama."

Alijifunga kitambaa kichwani akatoka. Nilidhani anakwenda dukani.

Siku iliyofuata niliporudi kutoka mjini nilikuta mambo yamekwisha kupangwa: Jumapili nyumba yetu inatoa shukrani. Kwetu, Mungu akikutendea jambo unakwenda mbele na watu wako, unaeleza ulichotendewa, unaombewa, na ulicholeta kinapigwa mnada nje baada ya ibada. Watu wanashukuru kwa kupona, kwa mtihani, kwa lori lililorudi salama kutoka Kongo. Wanaoshukuru kwa nyumba huonyesha picha, nyumba ilivyokuwa kabla na ilivyo baada, na kanisa zima linanyoosha shingo. Mama naye alitaka kabla na baada.

Nikawaka. "Mama, hiki si kitu cha shukrani."

"Kwa nini?"

"Ni usafi tu. Nimefuta nafasi, nimepanga mistari, basi."

"Kwani usafi si kazi?"

"Utaniaibisha mbele za watu."

Alinitazama bila kupepesa. "Mimi ninayebishana kwenye foleni ya maji kila asubuhi kwamba mwanangu habeti, ndiye ninayekuaibisha?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amekiweka rehani. Alikuwa ametoa neno lake, na neno la mama ndilo lililomsimamisha mbele ya kanisa kila Jumapili. Sasa lilikuwa linanisubiri mimi.

"Nichapie ukurasa mmoja tu," alisema kwa upole. "Ulivyokuwa, na ulivyo sasa. Watu waone kwa macho, waache maneno."

Nikaenda steshenari na flashi mfukoni. Ningeweza kuchapa mafaili yale ya nyuma, lile chafu na lile safi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nililifungua la kwanza kwenye mashine ya dukani na binti wa pale akainama kutazama: nukta mwanzoni mwa mistari, vijistari vya mshazari, herufi kubwa mbilimbili zisizo na maana kwake. Akaniuliza kama faili limeharibika. Kichwani nilimwona mama akiiinua karatasi ile kanisani, nikawasikia wamama wakinong'ona kwamba ni hirizi, nikawasikia vijana wakisema ndizo namba zenyewe za kubetia. Kibaya zaidi, nilipoziweka kurasa mbili sambamba kwenye kioo, niliiona kazi yangu ya miezi kwa macho yao: karatasi yenye takataka, na nyingine yenye takataka zilizopangwa. Niliionea aibu. Niliionea aibu kazi niliyokuwa nikiipenda.

Basi nikachapa kurasa za mbele, zile anazoziona msomaji. Moja nikaitoa kwenye faili la zamani, nyingine kwenye faili jipya. Zilitoka nadhifu, vichwa vimekolea, Kiingereza kimejipanga. Zilifanana, bila shaka. Zisingefanana ningekuwa nimeharibu. Nilijiambia kwamba mama atazipunga kwa mbali, watu wataona karatasi nzuri, watapiga makofi, tutarudi nyumbani tukale. Nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikamwonyesha, hii ya kabla, hii ya baada. Alizirudisha ndani bila kuzisoma. Aliniamini.

Jumapili mama mdogo, mdogo wake mama aliyeolewa Nakonde, alivuka mpaka alfajiri na vitenge vya sare. Mimi nikavalishwa shati la kitenge hichohicho, kola inanikaba. Mama alibeba debe la maharage aliyoyachambua mwenyewe, punje kwa punje, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Kanisa lilijaa. Nilitembea nyuma yake kuelekea mbele nikitazama visigino vyake.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema mama, na wote wakaitikia amina.

Alisema vizuri, kama kawaida yake. Alisema watu huona mlango uliofungwa wakadhani ndani kuna dhambi. Alisema kijana wake anatengeneza vitabu vya kompyuta vinavyosomwa na dunia nzima, na jina lake limeandikwa humo. Mama mdogo akaitikia kwa Kibemba kutoka benchi la pili, "Natotela, mukwai," yaani tunashukuru, na watu wakacheka kwa furaha. Mama akatoa karatasi kwenye bahasha, akaziinua juu, moja kila mkono. Makofi yakapigwa. Nikaanza kuvuta pumzi.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuliwaza. Alishuka hatua chache, akazikabidhi karatasi benchi la mbele, kwa mzee mwenzake wa kanisa, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya watu waliokuwemo mle. "Zipite kwa wote," alisema. "Mwalimu aanze."

Mwalimu yule ukimpa chupa ya dawa atasoma lebo yote kabla ya kuuliza inatibu nini. Alitoa miwani, akaipangusa kwa tai. Akazilaza karatasi magotini, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa hii na kidole kwenye mstari wa kwanza wa ile, akaanza kushuka navyo pamoja. Kanisa likasubiri. Nje malori yalikuwa yamesimama kwenye foleni ya barabara kuu na moja lilikuwa likinguruma bila kuzimwa. Mchungaji alikohoa. Niliangalia vidole vya mwalimu vikishuka, nikatamani ardhi inimeze.

Alipofika chini aliinua uso. Alijitahidi kusema kwa sauti ndogo, ya heshima, lakini kwa ukimya ule kila mtu alisikia.

"Mama, nadhani hizi karatasi ni moja."

"Hapana, mwalimu. Moja ni ya kabla."

"Nimesoma mpaka mwisho. Hakuna tofauti."

Hayo ndiyo maneno niliyoyapenda kuliko yote. Kwenye mabenchi ya vijana mtu alicheka kwa pua. Mwingine akasema chinichini kwamba mkeka umechanika, na kicheko kikatambaa kutoka benchi hadi benchi, kikifunikwa na viganja.

Mama alinigeukia. Jibu lilikuwepo na lilikuwa jepesi: zinafanana kwa sababu ndivyo zinavyotakiwa, kazi imefanyika nyuma, na mimi nimechapa upande usio wenyewe kwa kuwa niliona haya kuwaonyesha upande wa kazi. Nililishika jibu hilo mdomoni. Mama akasubiri, akinitazama, kama anavyosubiri kwenye jina la marehemu. Niliangalia viatu vyangu.

Nadhani alinipa muda wa kutosha. Kisha akaligeukia kanisa.

"Mnisamehe," alisema. "Kosa ni langu. Kijana alinipa karatasi sawasawa, mimi nimezichanganya nyumbani, nikabeba za aina moja. Macho yangu haya siku hizi. Maandishi yenyewe ya Kizungu, sikuweza kuzitofautisha."

Kanisa likalegea. Watu walisema pole mama, wengine wakatikisa vichwa kwa huruma, na kicheko kikafa palepale. Mchungaji alituombea, mkono wake juu ya kichwa changu. Kwenye mnada watu waligombea maharage ya mama kwa bidii iliyozidi, kama wanavyomfanyia mfiwa, na jogoo akaenda kwa mmoja wa wale vijana wa bodaboda. Nilimbebea hadi kwenye pikipiki yake. Aliniambia asante, bro, bila utani wowote, na hilo nalo likaniumiza.

Nyumbani mama hakunigombeza. Alimsindikiza mama mdogo hadi barabarani, akarudi, akavua kitambaa, akakaa kibarazani.

"Sasa nionyeshe," alisema.

Nikaileta mashine. Nikafungua faili la nyuma, lile nililolionea aibu. Mama akavaa miwani yake, ambayo haina shida yoyote, akasogea.

"Hii nukta na herufi zake inafanya nini?"

"Inaiambia mashine ianze aya."

"Yaani ipumue."

"Ndiyo, mama."

"Na hii?"

"Ikoleze jina hilo, lionekane."

"Mistari yangu miwili," alisema, na akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekutana na ndugu stendi. Aliendelea kuuliza na kujijibu kabla sijamaliza. Nilipomfungulia faili la zamani, lenye nafasi tupu na mistari iliyorukwa ovyo, alifyonza kama mtu aliyeona mchanga kwenye gunia la maharage.

"Hii chafu ndiyo ungenipa," alisema. "Uchafu watu wanaujua. Ningewaeleza mwenyewe."

Ni kweli, angewaeleza. Katika kanisa lile lote yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuieleza kazi yangu, na wakaelewa, na mimi nilimpa karatasi zisizo na cha kuelezea. Nilimwomba msamaha. Aliniambia amekwisha kusema ni yeye, yameisha. Lakini hayakuisha.

Wiki hiyo wazee wa kanisa walikaa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuja nyumbani, mchungaji na mwalimu, na sukari kwenye mfuko, wakasema mama ametumika vya kutosha, macho yakichoka yapumzishwe, matangazo yatasomwa na mwalimu. Ila kuyaandika aendelee, maana hakuna anayejua habari za watu kama yeye. Mama alisema sawa, akashukuru, akawapa chai. Walipoondoka alikaa karoni na vikombe vile vichache, akaviosha kwa muda mrefu. Nilijitolea kumsaidia, akakataa.

Nilipiga moyo konde nikaenda kwa mwalimu. Nilimkuta akipalilia migomba yake nyuma ya nyumba. Nikamsalimu shikamoo, nikamwambia yote, bila kujisitiri: kwamba mama hakuchanganya kitu, kwamba karatasi zilikuwa zilezile nilizompa, kwamba nilichapa upande wa mbele kwa aibu, kwamba macho ya mama ni mazima kuliko yangu. Alisikiliza hadi mwisho, ameegemea jembe.

"Mwanangu," alisema, "umefanya vyema kuja. Kumsitiri mzazi ni jambo la baraka."

"Mwalimu, simsitiri. Ndivyo ilivyokuwa."

"Naelewa. Naelewa kabisa."

Nilifungua kompyuta palepale, nikaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, nikamwonyesha faili. Aliziangalia nukta zile kwa adabu, kama mtu anavyoangalia picha za watoto wa mgeni. Nikamweleza ya mbele na ya nyuma, amri, mistari, jaribio. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kunionea fahari. Nilikuwa nazidi kuwa mtoto mwema. Nilitaka kupiga kelele, nikafunga mashine.

"Ila sasa," alisema, akinishika bega, "kwa kuwa kazi yako ni kusafisha maandishi, na sisi tusaidie. Karatasi ya mama ina vialama vingi, vyekundu, vinanichanganya. Awe anaandika, wewe unatuchapia safi. Maneno usiguse. Vile vialama tu uvitoe."

Ningekataa kwa sababu gani? Ndiyo kwanza nilikuwa nimejitahidi kumwaminisha kwamba ndiyo kazi yangu.

Jumamosi mchana tulikaa kibarazani, mimi na kompyuta, yeye na karatasi. Alikuwa ameshaiandaa kwa kalamu nyekundu, kwa mazoea. Alinisomea, nami nikachapa. Kulikuwa na msiba wa mzee mmoja wa upande wa Ivuna ambaye wajukuu wake wanasali kwetu, na harusi, na zamu ya kufagia. Tulipofika kwenye duara la kwanza nilisimama.

"Mama, hapa pana duara."

"Toa."

"Naweza kuacha nafasi, angalau aone kwamba..."

"Mwalimu kasema safi, baba. Toa tu."

Nikatoa. Niliyatoa maduara, nikatoa mistari miwili chini ya jina la marehemu, nikatoa mikia. Maneno yote yalibaki kama alivyoyaandika. Nilimsomea mwanzo hadi mwisho ili ahakikishe, naye akafuatisha kwenye karatasi yake kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaikunja ile ya kwake, akaitia kwenye Biblia.

Jumapili mwalimu alisoma. Alisoma vizuri, kama mwalimu, sauti safi, mwendo mmoja. Msiba, harusi na ufagio vilipita vimeandamana. Vigelegele vilitaka kuanza, vikakuta ameshafika kwenye zamu ya jumuiya, vikarudi. Hakuna aliyelalamika. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, mikono juu ya mkoba, anatazama mbele. Mwalimu alipokuwa anakaribia jina la marehemu nilimsikia mama akivuta pumzi, ndogo, na kuishikilia. Jina likapita. Kwenye harusi akavuta tena. Nilizitambua zote hadi ya mwisho, maana kila alipovuta palikuwa pale nilipofuta.